Katika filamu za James Bond, bora ni zile ambazo jasusi anaogopa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nitoe maoni yangu kuhusu mjadala unaoendelea kila wanapokutana wapenzi wa sinema, hapa Mwanza na kwingineko, juu ya nani atakayeigiza kama James Bond baada ya Daniel Craig. Nafasi hiyo imekuwa wazi tangu ilipotoka No Time to Die mwaka 2021. Mwaka 2025 familia ya Broccoli, ambayo imekuwamo katika usimamizi wa filamu hizi tangu ile ya kwanza ya mwaka 1962, iliikabidhi kampuni ya Amazon MGM madaraka ya kuamua mwelekeo wake, na miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba filamu ijayo itaongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada. Tangu hapo majina ya waigizaji yanatajwa kila siku, mmoja akisifiwa kwa sura, mwingine kwa umri, mwingine kwa namna suti inavyomkaa.

Kwa maoni yangu, hilo si swali la kwanza kuulizwa. Waigizaji sita wamepita katika filamu 25, na yuleyule aliyenifurahisha katika filamu moja aliweza kunichosha katika nyingine, ilhali sura na suti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni hatari. Zipo filamu ambazo jasusi huyu anaweza kuumia, kuogopa, kukosea na kupoteza kitu kisichorudi, na zipo nyingine ambazo anapita katikati ya risasi akijua kwamba hakuna itakayomgusa. Ninazozipenda ni zile za aina ya kwanza, na ningependa kueleza ni zipi na kwa nini, kwa matumaini kwamba vijana wanaozijua za Craig peke yake watazitafuta.

Wengi wetu tuliokulia Kirumba hatukuziona filamu hizi kwa mara ya kwanza katika jumba la sinema. Tuliziona katika vibanda umiza vya jirani na Mwaloni, kwenye mabenchi ya mbao, tukiwa pamoja na wachuuzi wa dagaa waliokuwa wakisubiri mitumbwi, huku mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kuwapa maadui majina aliyoyapenda mwenyewe. Nawashukuru watafsiri wale, kwa kuwa bila wao kisa kingetupita. Lakini katika vibanda vile ilikuwapo kanuni ambayo hata mtoto aliijua, kwamba steringi hafi. Ukishaiamini kanuni hiyo, unachosubiri ni kuona tu kama adui atamalizwa kwa bunduki, kwa gari au kwa kutupwa majini. Filamu ninazozitetea hapa ni zile zilizonifanya niisahau kanuni hiyo nikiwa bado nimekaa benchini, na ambazo baadaye nilizitazama tena kwa sauti zake za asili nikaziona bora zaidi.

From Russia with Love ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Terence Young, ni ya pili katika mfululizo wote. Sean Connery yumo kama Bond, lakini anayeibeba ni Robert Shaw, aliyeigiza muuaji aitwaye Grant. Kwa sehemu kubwa ya filamu Grant hasemi neno. Anamfuata Bond mjini Istanbul na kisha ndani ya treni ya Orient Express, wakati mwingine hata anamlinda asiuawe na watu wengine, kwa sababu waliomtuma bado wanamhitaji Bond akiwa hai. Mtazamaji anamwona, Bond hamwoni. Treni inapofika stesheni ya Zagreb, Grant anamuua jasusi halisi wa Uingereza, anachukua jina lake, kisha anakaa meza moja na Bond kula chakula cha jioni. Anaagiza samaki kwa divai nyekundu, jambo ambalo muungwana wa Kiingereza wa wakati ule asingelifanya. Bond analiona lakini hachukui hatua, na muda mfupi baadaye amepiga magoti sakafuni, bastola imemwelekea, anaelezwa namna atakavyouawa.

Yeyote aliyewahi kulala katika chumba cha daraja la pili kwenye treni ya Reli ya Kati, kutoka hapa kwenda Tabora, anafahamu jinsi nafasi ilivyo finyu mle ndani, hata watu wawili wakitaka kupishana lazima mmoja akae. Katika nafasi ya namna hiyo ndimo wanamopigana watu wawili wenye miili mikubwa. Bond anamshawishi Grant kwa sarafu za dhahabu zilizofichwa ndani ya mkoba, na Grant, kwa tamaa, anaufungua mkoba wa pili bila kujua namna unavyofunguliwa. Gesi ya kutoa machozi inamlipukia usoni, taa inavunjika, chumba kinabaki na mwanga wa buluu. Hakuna muziki. Kinachosikika ni pumzi za watu wawili, vioo vinavyopasuka na magurudumu ya treni. Connery na Shaw walipigana wenyewe sehemu kubwa ya tukio hilo, na mhariri wa picha, Peter Hunt, alizikata picha kwa ufupi kiasi kwamba jicho halipati pa kutulia. Mwishowe Grant ananyongwa kwa waya uleule unaofichwa ndani ya saa yake ya mkononi, ambao tulimwona akiutumia kuua mtu kabla hata majina ya waigizaji hayajaonyeshwa. Bond anazichukua tena fedha zake kutoka kwa marehemu na kubaki akihema. Ningewaomba watafsiri wa leo, wakifika hapo, wanyamaze kabisa mpaka mapigano yaishe, kwa sababu kile kimya ndicho kinachotufanya tuamini kwamba anaweza kufa.

Peter Hunt huyohuyo ndiye aliyepewa kuongoza filamu ya mwaka 1969, On Her Majesty's Secret Service, na hiyo ninaiweka juu ya zote. Najua wengi watanipinga. Connery alikuwa ameondoka, na nafasi yake ilichukuliwa na George Lazenby, kijana wa Australia aliyekuwa mwanamitindo na aliyejulikana kwa matangazo ya biashara tu, ambaye aliigiza mara hiyo moja kisha akaacha. Kwa miaka mingi filamu hiyo ilitajwa kwa dharau kwa sababu yake. Mimi naona ugeni wake uliisaidia, hasa katika sehemu inayomtaka Bond aonekane mtu kama watu wengine.

Bond ametoroka usiku kutoka kwenye ngome ya adui yake Blofeld, iliyo juu ya mlima wa Schilthorn nchini Uswisi, ameteleza kwenye theluji akifukuzwa na watu wenye bunduki, na sasa ameingia katika kijiji kilichojaa wasafiri wanaosherehekea Krismasi. Amechoka na hana pa kwenda. Mtu aliyevaa vazi la dubu anamjia ghafla na kumpiga picha, na mwanga wa kamera unamshtua vibaya. Anakaa kando ya uwanja wa barafu, amejikunyata, ameinua kola ya koti, anatazama chini ili asitambuliwe. Hakuna filamu nyingine ya miaka ile ambamo niliuona uso wa Bond ukiwa na hofu ya kweli kiasi hicho. Ndipo miguu yenye viatu vya kutelezea inaposimama mbele yake, naye anainua macho taratibu, na aliyesimama ni Tracy, mpenzi wake, aliyeigizwa na Diana Rigg. Tracy ndiye anayemwokoa, na Tracy ndiye anayeshika usukani katika mbio za magari zinazofuata, Bond akiwa abiria.

Kwa hiyo anapoamua kumuoa, tunamwelewa bila kuhubiriwa. Baada ya harusi, nchini Ureno, wanasimama kando ya barabara kuondoa maua yaliyopamba gari, na gari la Blofeld linapita likimimina risasi. Tracy anakufa akiwa bado bibi harusi. Askari wa barabarani anapofika, Bond anamwambia kwamba mkewe anapumzika tu na kwamba hawana haraka. Filamu inaishia hapo, kwenye kioo cha gari chenye tundu la risasi. Nakumbuka kibandani watu walibaki wamekaa, wengine wakidhani kanda imekatwa, wakimdai mwenye kibanda sehemu ya pili. Hakuna aliyekuwa ametuandaa kuona mke wa steringi anakufa na adui anaondoka salama. Muziki wa John Barry katika filamu hiyo, pamoja na wimbo wa mapenzi ulioimbwa na Louis Armstrong, nauona kuwa kazi yake bora kuliko zote, na si ajabu kwamba watengenezaji wa No Time to Die walipotaka huzuni, miaka 52 baadaye, waliurudia wimbo uleule.

Filamu za miaka ya 1970 sitakaa nazo sana. Roger Moore alikuwa na haiba yake, na watu waliofanya michezo ya hatari katika filamu zake wanastahili heshima. Katika Live and Let Die ya mwaka 1973, Ross Kananga, mmiliki wa shamba la mamba nchini Jamaika, alivuka bwawa kwa kukanyaga migongo ya mamba hai, akarudia mara tano mpaka picha ikapatikana, na mamba mmoja akafanikiwa kukiuma kiatu chake. Sisi wa kandokando ya ziwa, ambao tunazifahamu familia zilizompoteza mtu aliyekwenda kuchota maji, hatuwezi kuliona tukio hilo kama mchezo wa kuchekesha jinsi lilivyokusudiwa. Hata hivyo filamu yenyewe inawaonyesha watu weusi karibu wote kuwa majambazi au waganga wa kutisha watu, na hilo linaniumiza kila ninapoitazama. Ushujaa wa Kananga hautoshi kulifuta. Mwaka 1979 Moonraker ikampeleka jasusi anga za juu, mahali ambapo hatari haiwezi tena kupimwa na mtazamaji, kwa sababu kila kitu kinawezekana.

Kinachonifurahisha ni kwamba watu walewale waliitambua kasoro hiyo. For Your Eyes Only ya mwaka 1981, filamu ya kwanza kuongozwa na John Glen, inamshusha Moore ardhini. Gari lake la Lotus lenye mambo mengi linalipuka mapema kabisa, akalazimika kukimbia maadui ndani ya kigari kidogo cha njano cha Citroën, tena si chake. Karibu na mwisho anapanda jabali la Meteora huko Ugiriki, lenye nyumba ya watawa kileleni. Anapokaribia juu, mlinzi anamsukuma, anaanguka na kubaki akining'inia kwenye kamba, na mlinzi anaanza kuving'oa vigingi vinavyoishikilia kamba hiyo, kimoja baada ya kingine. Bond hana kifaa chochote cha maabara. Anafungua kamba za viatu vyake, anazifunga kwenye kamba kubwa kwa fundo linalobana likivutwa, na kuanza kujipandisha kidogo kidogo huku vigingi vikiendelea kutoka. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na wakazi wa milimani kule Igogo na Mabatini wanapita kwenye majabali kila jioni kurudi nyumbani, kwa hiyo mtazamaji wa hapa hahitaji kuelezwa jiwe linavyoteleza chini ya soli. Nimewaonyesha tukio hilo vijana waliozoea filamu za kompyuta, na walishika vichwa.

Timothy Dalton alipata filamu mbili tu, na The Living Daylights ya mwaka 1987 nataka itajwe hapa kwa ajili ya sehemu zake za mwanzo peke yake. Bond ameamriwa kumpiga risasi mdunguzi, anamwona ni mwanamke asiyeijua kazi hiyo, anakataa kuua, badala yake anailenga bunduki tu. Mwenzake anatishia kumshtaki kwa wakubwa. Bond anajibu kwamba wakimfukuza kazi atawashukuru. Dalton anayatamka maneno hayo kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuua wengi, na sijaona mwigizaji mwingine kabla yake aliyeionyesha kazi hii kuwa mzigo. Enzi ya Pierce Brosnan iliyofuata ilianza vizuri kwa GoldenEye ya mwaka 1995, ambamo mtu aliruka kweli kutoka juu ya bwawa la Verzasca lenye kimo cha mita 220 nchini Uswisi, na ikaishia mwaka 2002 kwa gari lisiloonekana kwa macho. Nadhani hilo linatosha kusemwa.

Casino Royale ya mwaka 2006 inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa kisa chake kinaanzia kwa majirani zetu. Mapema kabisa yanatokea maandishi yanayosema tuko Mbale, Uganda. Kiongozi wa waasi aitwaye Obanno, aliyeigizwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, anamkabidhi mtu wa fedha aitwaye Le Chiffre masanduku ya noti ili amwekee. Mkazi wa kanda hii ataona mara moja kwamba ramani haikuzingatiwa. Mbale iko mashariki, chini ya Mlima Elgon, na mtu wa Mwanza anaifikia kwa kupita Sirari, Kisumu, Busia na Tororo, ilhali vita vya waasi tulivyokuwa tukivisikia redioni vilikuwa mbali kaskazini, upande wa Gulu na Kitgum. Hilo nimelisamehe, kwa sababu filamu imelielewa jambo kubwa zaidi. Le Chiffre hazihifadhi fedha zile. Anazitumia kubashiri kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitaporomoka, kisha anapanga ndege mpya ya kampuni hiyo ilipuliwe ili ubashiri wake utimie. Bond anauzuia mlipuko katika uwanja wa ndege wa Miami, hisa haziporomoki, na fedha za watu zinapotea. Ndiyo sababu Le Chiffre analazimika kuandaa mchezo wa karata nchini Montenegro, arudishe kilichopotea kabla wenyewe hawajamfikia. Wale mabwana wanaokaa mezani na suti zao nyeusi wamekutanishwa na noti zilizotoka katika vita vya Afrika, na ni nadra filamu ya burudani kuionyesha safari hiyo ya fedha kwa uwazi namna ile.

Na wenyewe wanafika. Obanno anamvamia Le Chiffre hotelini, na Bond anapambana naye pamoja na mlinzi wake kwenye ngazi, mbele ya macho ya Vesper Lynd, ofisa wa hazina ya Uingereza ambaye hajawahi kuona mtu akiuawa. Bond anarudi chumbani, ananawa damu mbele ya kioo, anakunywa kinywaji kikali, anabadili shati na kurudi mchezoni. Lakini baadaye anamkuta Vesper amekaa sakafuni bafuni akiwa na gauni lake, maji yakimmwagikia, akilalamika kwamba damu haitoki mikononi. Bond haoni haja ya maneno ya kishujaa. Anakaa kando yake na nguo zake zote, naye analowa, kisha anayaongeza maji joto. Craig na Eva Green wanalibeba tukio hilo kwa sauti za chini kabisa, na mtu anaelewa kwa nini jasusi huyu atataka kuacha kazi kwa ajili ya mwanamke huyu, na kwa nini kumpoteza kule Venice kutamharibu.

Skyfall ya mwaka 2012 ni nzuri kwa macho. Quantum of Solace ya mwaka 2008 ina mapungufu mengi ya uandishi, ila naitetea kwa jambo moja. Adui wake anayakusanya kwa siri maji ya chini ya ardhi nchini Bolivia ili awauzie wananchi kwa bei anayotaka mwenyewe. Wapo waliosema adui huyo ni mdogo mno kwa Bond. Mtaani kwetu wapo wanaonunua maji kwa dumu huku ziwa likionekana dirishani, na hao hawakumwona mdogo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini No Time to Die haimo miongoni mwa nizipendazo, wakati ndiyo pekee ambayo steringi anakufa kweli. Sababu ni kwamba kifo kile kimepangwa mno. Bond anaambukizwa sumu itakayomzuia asimguse tena mpenzi wake wala mtoto wake, kisha anasimama juu ya paa la ngome akiyasubiri makombora, akiwa amekwisha kuaga. Ni kifo cha heshima, na nilihuzunika. Lakini hofu haipo, kwa kuwa kila kitu kimeshaamuliwa, ilhali yule mwanamume aliyejikunyata kando ya uwanja wa barafu mwaka 1969 hakujua kama ataiona asubuhi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa burudani, ambao kwa sasa unaandika kila tetesi kuhusu mwigizaji mpya, utenge nafasi kidogo kwa ajili ya filamu hizi za zamani, hata aya mbili kwa wiki. Kwa kijana atakayetaka kuanza, namshauri aanze na From Russia with Love, na asiifikie On Her Majesty's Secret Service mpaka awe ameona mbili au tatu za Connery, kwa sababu uchungu wa mwisho wake unahitaji kwanza mtu amzoee jasusi asiyepoteza kitu. Na akibahatika kupata kanda yenye sauti za asili pamoja na iliyotafsiriwa, aitazame ya asili kwanza.

Wako katika kusoma,
Mpenzi wa sinema,
Kirumba, Mwanza